Jina Lililozikwa Mara Mbili

Kwa Marehemu Mzee Rwegasira,
Muleba, Kagera.
12 Septemba 2024

Mpendwa Kaka Rwekaza,

Kasinge waitu. Nianze na wewe kabla sijaanza na sisi. Mgongo umekaaje? Mara ya mwisho ulisema kule kiwandani wamekuhamishia kwenye kazi ya kukaa, nami nikamshukuru Mungu, maana wewe na kubeba majokofu wapi na wapi. Wifi Hanka hajambo? Na Benigna mdogo, wajina wa Mama, ameota yale meno ya mbele au bado anacheka na pengo kama Baba Mdogo Kahigi? Mbusu kwa niaba yangu. Mwambie shangazi yake anataka kumshonea gauni, anangoja vipimo tangu Pasaka, kwa sababu baba yake ni mvivu wa kujibu.

Sisi tupo. Mvua zimewahi mwaka huu, migomba imesimama vizuri, maharage yako ardhini. Elieth wangu yuko kidato cha tatu na hataki hata kushika sindano, anasema atakuwa mwanasheria, basi nimekosa mrithi wa cherehani. Duka langu la Bukoba nimelifunga kwa muda. Niko huku nyumbani Muleba tangu mwezi wa saba. Habari za Mama ziko chini. Usiruke mistari kuzitafuta, nakujua.

Usishangae kupata barua ya karatasi. Haya mambo nilianza kukuandikia kwa simu nikayafuta mara tatu. Lile kundi letu la ukoo unalijua, ukimwambia mmoja jambo asubuhi, mchana limefika Ngara tena limetiwa chumvi. Halafu kuna kitu kidogo humu ndani ya bahasha ambacho simu haiwezi kukibeba. Kama hukukiona, acha kusoma sasa hivi, kakung'ute bahasha.

Umekiona? Haya. Kiweke mahali ambapo mtoto hafiki.

Sasa ile picha yako. Uliituma Julai, siku mliyokwenda kumtembelea shangazi wa wifi kwenye ule mji mdogo wa huko Polandi, mkakatiza makaburini. Jiwe jeusi, na juu yake picha ya kauri kama desturi yao. Ndevu zile, macho yale ya maji, na sikio la kushoto lililokatwa ncha na baridi ya utotoni. Askofu Teofil Grzywacz, kuzaliwa 1941, kufariki Machi 1992. Ukaniandikia chini yake: Edvina, huyu si Askofu wetu? Na kama ni yeye, tuliyekula naye miaka thelathini ni nani?

Nilikuwa napiga pasi suruali ya mteja. Nikaiunguza paja zima. Kaka, mtu huyo nimemshonea kanzu ya zambarau mara nne, shingo yake naijua kuliko ya mume wangu. Agosti mwaka jana alipofariki, mimi ndiye niliyemvisha. Nilimfunga vifungo vyote thelathini na vitatu, kimoja kimoja, tukamzika kwenye kibanja cha Baba, hatua ishirini kutoka kile kikanisa chake. Leo unaniletea jiwe linalosema alikuwa ameshakufa mwaka mzima kabla hajashuka kwenye meli pale bandarini Bukoba!

Nilifunga duka siku ileile nikapanda basi. Nilimkuta Mama amekaa uani anamenya ndizi. Nikampa simu. Aliitazama, akafuta mikono kwenye kanga, akaisogeza karibu na macho. Nilidhani atapiga kelele. Akasema tu kwamba jiwe wamelitunza vizuri. Maawe! Alikuwa anajua. Yeye na Baba walijua miaka yote hiyo, wakala nasi ndizi na samaki kila siku wakanyamaza kimya.

Wewe ulikuwa shule ya bweni Askofu alipokuja, na mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa maji, kwa hiyo nakuandikia kama Mama alivyonieleza. Kanisa la kina Askofu lilijitenga na Roma tangu enzi za babu yake. Wana misa, wana maaskofu, wana Bikira Maria, ila Papa hawamsikilizi. Ni kanisa dogo, la familia chache, wote wanajuana. Walimfanya askofu kisha wakakosana naye. Walichogombania Mama hakijui. Anasema hata Askofu alikuwa akikieleza kila mara kivyake. Kilichowachoma ni kwamba hakutaka kuomba radhi.

Basi ndugu yake wa tumbo moja, naye padri, akatangaza kwamba Teofil amekufa. Wakatengeneza jeneza, wakaweka ndani kofia yake ya kiaskofu, wakaimba misa ya wafu mchana kweupe, wakalishusha kaburini na kusimika jiwe lenye picha. Na yeye alikuwepo, Kaka! Alikaa benchi la nyuma tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyegeuka. Walipotoka alisimama mlangoni akawapa mkono mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakapita.

Mama anasema hayo Askofu aliwasimulia mwenyewe alipofika kwetu. Alimwambia Baba kwamba kuna siku anaamini walijifanya tu, na kuna siku anaamini kwamba kweli hawakumwona.

Baba hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Alimwambia kwamba kwetu mtu wa namna hiyo anajulikana. Wazee wa ukoo wetu, kijana akipotea ziwani au vitani na mwili usionekane, walizika shina la mgomba kwa jina lake, watu wakalia, yakaisha. Ikitokea siku amerudi mzima, hapiti mlango wa mbele. Anaingizwa kwa mlango wa jikoni, kama aliyezaliwa leo, na anapewa jina jipya. Lile la zamani halitamkwi tena pale nyumbani, kwa sababu limeshazikwa.

Ndivyo Baba alivyomfanyia. Alichuma tunda moja la kahawa, akalipasua, akatoa zile punje mbili zinazolala zimeangaliana. Wakachanjana, kila mmoja akaipaka punje yake damu, wakabadilishana, wakameza. Askofu mzima na pete yake! Wembe alishika Mama. Kisha Baba akampitisha jikoni, akampa jina Ndyamukama, yaani mimi ni wa Bwana. Ndiyo maana hukuwahi kumwona akipita mlango wa mbele wa nyumba yetu hata siku moja, hata mvua inyeshe vipi. Wewe ulisema ni unyenyekevu. Mimi nilidhani anafuata harufu ya chungu.

Sasa njoo kwenye mazishi yake. Baba alishatutoka. Mama alikuwa kitandani na malaria, hakufika kaburini. Mambo yote yakawa ya Baba Mdogo Kahigi, naye unajua anavyopenda makuu. Alichukua pasipoti ya marehemu, akanakili jina herufi kwa herufi, akampa fundi alichore msalabani kwa rangi nyeusi. ASKOFU TEOFIL GRZYWACZ. Alijivuna nalo wiki nzima, hakuna msalaba mwingine wenye jina kama hilo kutoka hapa mpaka Biharamulo. Mimi mwenyewe nilisaidia kuhakiki kwamba z ziko mbili.

Kwa hiyo tulizika jina ambalo lilikuwa limeshazikwa. Na Ndyamukama, ambaye ndiye aliyeishi hapa, hakuna aliyemzika.

Usicheke. Mimi nilicheka, mwanzoni.

Misa yake unaikumbuka, kila siku saa tano asubuhi, wawe watu arobaini au awe Mama peke yake. Miaka ya mwisho alikuwa Mama peke yake. Wakatoliki wa parokia walimwita askofu wa kujipachika, na sisi Walutheri tulimwamkia vizuri tukapita zetu. Nilidhani Askofu akishafariki, Mama atapumzika. Nikakuta bado anakwenda. Saa tano kasoro robo anaweka kisu chini, ananawa, anafunga kitambaa kichwani, anakwenda.

Siku ya pili nilimfuata nikasimama nje, penye dirisha. Alikuwa peke yake benchi la mbele. Alinyamaza, kisha akajibu, awe pia rohoni mwako. Akanyamaza tena. Akasema tumeiinua kwa Bwana. Akanyamaza. Ni vema na haki. Kumsikia mama yangu akisali hakukunitisha, huyo ni Mama. Kilichonitisha ni kile kimya. Kilikuwa na urefu wake. Mahali pa maneno machache kilikuwa kifupi, na wakati wa mahubiri kilikuwa kirefu, na Mama akawa anatikisa kichwa kukubali, mahali pamoja akacheka kidogo na kuweka mkono mdomoni.

Na zile nyasi. Unajua hakutaka zulia wala saruji iliyong'arishwa, alitaka nyasi kama nyumba za zamani, na Mama bado anatandika mpya kila Jumamosi. Mbele ya altare nyasi zilikuwa zimelala mahali pawili, upana wa magoti. Mama hapiti pale. Hata kufagia anazunguka.

Nikajipa moyo. Nikasema ni uzee wake, na ni upweke. Lakini mlango wa jikoni je? Nilikuwa naukomea kwa mti kila asubuhi kabla ya kwenda kisimani, kwa sababu ya mbuzi wa jirani. Ninaporudi na jua liko utosini nakuta mti umetolewa, umeegemezwa ukutani upande wa kushoto, ncha nene chini. Wewe mwenyewe niambie ni nani aliyekuwa akiuegemeza hivyo.

Halafu kahawa. Ule mti wa kahawa ulio kichwani pa kaburi ulichanua baada ya mazishi, ukazaa kuliko yote. Nikaenda kuchuma kidogo tuchemshe akamwani, angalau mgeni akija apate cha kutafuna. Nikapasua tunda la kwanza nikakuta punje moja, ya mviringo, peke yake. Hilo tunaliona kila mwaka, katika kapu hayakosekani machache. La pili, punje moja. La tatu, moja. Nilikaa chini pale pale kaburini, Kaka, nikapasua matunda mpaka kucha zikawa nyekundu, na sikupata hata moja lenye punje mbili. Mkahawa wa jirani yake, hatua tatu tu, ulikuwa wa kawaida kabisa.

Nikampigia shemeji Gamaliel, yule mdogo wa mume wangu aliye kwenye utafiti wa kahawa kule Maruku. Akaja na pikipiki na daftari. Akanieleza vizuri kwamba ua lisipopata chavua ya kutosha, punje moja hufa na nyingine hujaza nafasi. Nikamwambia haya, pasua. Akapasua tawi la chini, la kati, la juu. Akazunguka mti. Mwisho akafunga daftari bila kuandika kitu, akaniuliza aliyelala pale alikuwa na mke au ndugu. Nikamwambia hakuwa na mtu. Aliondoka chai ikiwa nusu, na Gamaliel hajawahi kuacha chai maishani mwake.

Sasa Mama.

Ana uvimbe tumboni. Alikuwa anauficha chini ya kanga, nikaugundua nilipokuwa nampima gauni. Nilimpeleka kwa daktari Bukoba, akapewa tarehe ya kufanyiwa upasuaji mwezi wa nane, alazwe siku kumi. Akakataa. Nilimbembeleza, nikafoka, nikalia kama mtoto, naye anamenya ndizi tu. Nikamwuliza anataka nimzike mwaka huu? Ndipo akaniambia. Akasema mtu huyu alishakaa benchi la nyuma watu wakapita wasimwone. Mimi siwezi kumfanyia walivyomfanyia wao. Nisipokwenda siku moja, nani atamjibu?

Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na hofu. Nikasema nitamjibu mimi.

Basi hivyo ndivyo mimi Edvina, mwimba sauti ya pili katika kwaya ya Kilutheri, nilivyopewa kazi ya kuitikia misa ya askofu aliyekufa. Ukisema kwenye kundi la ukoo nakukana.

Baba Mdogo na Elieth wakampeleka Mama. Mimi nikabaki peke yangu na nyumba. Siku ya kwanza nilikaa benchi la mbele nimekunja mikono, nikasema nitakaa dakika kumi nimridhishe Mama. Nje jua kali, kuku wanachakura, bodaboda zinapita kule barabarani. Ndani hakuna kitu. Nikangoja. Halafu nikaona kwamba na kile kimya kinanisubiri. Sijui nikwambieje. Ni kama mtu amekuuliza jambo na hataki kulirudia. Nikakaza meno. Nacho kikakaza. Mwisho nikasema kwa hasira awe pia rohoni mwako, na mara kikaendelea. Nilikisikia kikiendelea, Kaka, ingawa hapakuwa na sauti yoyote.

Siku ya tatu nilikuwa napiga magoti mahali pake bila kufikiri.

Kila siku tulikwama mahali pamoja. Ni pale padri anapowaombea marehemu na kuwataja kwa majina. Nikisema amina haiendi. Nikirudia, haiendi. Nilimwuliza Mama kwa simu, naye yuko wodini na mipira puani, akasema kwa sauti ya chini kwamba hata yeye hukwamia hapo kila siku tangu Askofu azikwe. Humngoja mpaka jua lihame dirishani, kisha hujirudia nyumbani. Alidhani ni kwa sababu hajui majina ya Kizungu ya watu wa kwao.

Nikawaza hilo siku mbili. Siku ya saba tulipofika pale, nikasema kwa sauti jina la Baba. Rwegasira. Kimya kikalegea kidogo kisha kikasimama tena. Nikajua jina linalotakiwa, na nikajua kwamba hawezi kulitaja mwenyewe, kwa maana nani anayejitaja kati ya wafu? Nikasema Ndyamukama.

Zile nyasi zilitoa sauti. Zilianzia pale kwenye magoti, zikaja, zikanipita upande wa kulia, taratibu, mwendo wa mzee mwenye nyonga mbaya. Nilikuwa nimeangalia vidole vyangu vya miguu na nikaendelea kuviangalia. Uwe Mlutheri, uwe nani, kuna vitu mtu havitazami. Zikafika mlangoni zikanyamaza.

Nilitoka baada ya muda mrefu. Kaburini nikanyoosha mkono kwenye mkahawa nikachuma tunda la kwanza nililoligusa, nikalipasua kwa meno. Lilikuwa na punje mbili. Gamaliel anasema lazima lilikuwepo siku zote sikuliona tu. Hewala, mwache aseme, yeye ana mshahara wa kusema hivyo. Mimi nilichuma mengine mpaka nikachoka na yalikuwa ya moja moja kama kawaida. Ni lile tu.

Nilidhani yameisha. Kesho yake saa tano nikaenda kwa mazoea. Nyasi za mbele ya altare zilikuwa zimeinuka, safi. Lakini alikuwepo. Alikuwa mlangoni, mgongoni kwangu, sijui nilijuaje. Alisimama kama mtu anayewapa mkono watu wanaotoka. Nikajibu misa yote nikiwa nimempa mgongo, kisha nikapita pembeni yake nikainama kidogo, kama mtoto anavyompita mkubwa. Nilihisi vibaya sana, kwa sababu sikujua mkono wake uko upande gani, na sikutaka kuwa mwingine aliyeupita.

Mama amerudi. Upasuaji ulikwenda salama, Mungu ni mwema, anakula, amenenepa mashavu. Nilipomweleza alilia. Akasema mimi nimemtaja, vizuri, lakini msalaba wake hapa bado unaita jina lingine, na jiwe la kwenu huko nalo linaliita. Kila upande unamvuta kwa jina asilokuwa nalo tena, ndiyo maana amesimama mlangoni, hatoki wala harudi.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Majibu ya kile kinyama walichokata yametoka wiki iliyopita, na si mazuri sana. Daktari anataka Mama aende Mwanza kwa matibabu ya wiki sita, na yaanze kabla ya katikati ya Novemba. Asichelewe. Aliniambia hivyo mara mbili akinitazama usoni. Hawezi kwenda peke yake, lazima niwe naye. Kwa hiyo tukiondoka, hapa saa tano hatabaki mtu wa kujibu. Mama ameshasema kwamba hataondoka akimwacha amesimama mlangoni. Nimejaribu kila njia, Kaka. Nimempigia magoti. Ananishika kichwa, ananiambia nisijisumbue.

Wewe ndiye mrithi wa Baba. Damu ile aliinywa Baba, na neno lake liko kwako. Basi nakuomba mambo mawili, na sijawahi kukuomba kitu tangu ule mwavuli wa utotoni.

La kwanza, mpigie Baba Mdogo Kahigi. Nimemwomba afute lile jina msalabani aandike Ndyamukama, akaniambia jambo la mtoto wa kike aliyeolewa kwingine halibadilishi kaburi la ukoo, ila mzaliwa wa kwanza wa Rwegasira akitamka, yeye atashika brashi mwenyewe. Usimkaripie. Anaogopa. Sasa hivi akija kwetu anapita mlango wa mbele mbio mbio.

La pili ni hiyo punje. Inatoka kwenye tunda lile. Mwenzake ninaye hapa, nimemfunga kwenye kipande cha ile zambarau. Tarehe mbili Novemba ni siku ya Marehemu Wote. Askofu alikuwa akitusimulia jinsi watu wa kwao wanavyojaa makaburini siku hizo na mishumaa mpaka majani yote yananuka nta, kwa hiyo hakuna atakayekushangaa. Nenda kwenye jiwe lile. Saa yenu itakuwa saa tatu asubuhi, ndiyo saa tano yetu. Uliza wifi kama mmeshageuza zile saa zenu, usije ukanikosa. Fukia punje chini ya jiwe, upande wa picha. Kisha mwambie, kwa Kipolandi alichokufundisha mwenyewe pale uani, kwamba Teofil alishazikwa na ameisha, na anayelala kwetu ni Ndyamukama, ndugu wa baba yako. Sema kwa sauti. Hata kama watu wanapita.

Ukimaliza, nyoosha mkono wako wa kulia, uache hivyo kidogo, kama unayeagana na mtu. Kisha toka, ila si kwa lango kubwa. Tafuta upenyo wa nyuma. Na nyumbani kwako, najua mko ghorofa ya nne hakuna mlango wa jikoni. Basi pita jikoni kwanza kabla ya kukaa popote, wifi atafikiri una njaa, mwache afikiri hivyo.

Uliniuliza tuliyekula naye miaka thelathini alikuwa nani. Alikuwa baba yetu mdogo. Alikufundisha lugha ukapata mke. Mimi alinifundisha kushona kifungo kisichong'oka. Ndugu zake walimwacha mlangoni na mkono wake hewani, na sisi kwa kiherehere chetu cha herufi nzuri tukamfanyia vilevile. Nataka alale. Na nataka mama yangu apande basi la Mwanza.

Mama anakusalimu, anasema vaa kofia. Baba Mdogo Kahigi anakusalimu kwa pengo lake lote. Elieth anakusalimu na anaomba kitabu cha sheria, cha Kiingereza tafadhali, si cha kwenu huko. Gamaliel anakusalimu na anasema hajasema chochote. Msalimie sana wifi Hanka na umkumbatie Benigna mdogo. Bwana awafunike huko kwenye baridi, awatoe salama na kuwarudisha salama, kwa mlango wowote atakaoona unafaa.

Siku hiyo nitakuwa nimesimama kaburini hapa na punje ya pili mkononi, Mama kiti chake pembeni yangu. Wewe sema yako hadi mwisho. Na ukimaliza, ukisikia mtu nyuma yako amesema amina kwa Kiswahili, usikimbie na usigeuke. Ni mimi nakujibu.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata usipojibu barua,

Edvina